Dada wa Seneti na Mchomeleaji wa Olongapo

Herminia Dacanay alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote katika Seneti ya Ufilipino. Miaka ishirini na mbili aliketi meza ya waandishi, akinasa kwa hati mkato kila neno la wakubwa, hoja zao na vijembe vyao, na mwenyewe hakuwahi kufungua kinywa ukumbini humo.

Mdogo wake, Doro, alikuwa mchomeleaji vyuma katika kambi ya manowari za Wamarekani, Olongapo. Mwaka huo, 1991, mkataba wa kambi ulikuwa ukingoni. Serikali ilitaka mpya wa miaka kumi. Lakini Seneti isiporidhia, hakuna mkataba.

Wiki moja kabla ya kura, Doro alipiga simu.

"Dada, wewe unashinda nao. Upepo unavumaje?"

"Mimi naandika tu. Sipigi kura."

"Wewe! Hata wali ukiungua husemi mpaka uulizwe." Alicheka, kisha sauti ikamshuka. "Nina watoto wanne, dada."

Siku ya kura mvua ilimwagika, na umati nje haukubanduka. Kumi na mmoja walikubali. Kumi na wawili walikataa. Watu walikumbatiana, wengine wakabubujikwa machozi: watu kumi na wawili walikuwa wameliambia taifa lenye nguvu kuliko yote lifungashe virago. Fahari ilimjaa Herminia kifuani, na papo hapo akamwona Doro na kinyago chake cha kuchomelea. Chozi likadondokea karatasi. Alilipangusa kwa kiwiko akaendelea kuandika, maana mwenyekiti alikuwa bado anasema.

Doro hakupiga simu tena. Mwezi ulipopita, Herminia alimfuata Olongapo na sufuria ya mchuzi wa ukwaju, na kumbukumbu za mjadala zilizokwisha kuchapwa.

"Umekuja kunipa pole au kunisomea hukumu?" Doro aliuliza mlangoni.

"Nimekuja kula na wewe. Nipishe, sufuria inanielemea."

Walipokwisha kula alimsomea, waliokubali na waliokataa. Mmoja wa waliokataa alikuwa amewataja wafanyakazi wa kambi, akisema jasho lao ni deni la taifa. Doro alimshika mkono.

"Rudia hapo."

Akarudia. Mara tatu.

"Basi walijua tupo," Doro alisema. "Nilidhani hawajui."

Mwaka uliofuata meli ya mwisho iling'oa nanga. Doro alijiunga na maelfu waliojitolea kulinda karakana zisiporwe, bila mshahara, wakila walicholetewa na wake zao. Ulipita zaidi ya mwaka kabla hajapata kazi tena ya kuchomelea.

Herminia alipomletea chakula mara ya kwanza, alisimama nje ya lango la kambi kwa mazoea. Enzi za Wamarekani, ndugu hawakuruhusiwa humo bila pasi.

"Unangoja nini?" Doro alimwita, akicheka. "Ingia, dada. Ni kwetu."

Akaingia, wakatembea polepole hadi gatini.