Maboga ya Kidete na Kidole cha Monica

Costancia alikuwa mhudumu wa afya wa jamii pale Kidete, mwanamke wa miaka hamsini na mbili asiyependa kukosolewa. Alipopewa fomu mpya za kuwatambua mapema watoto wenye usonji, alimaliza kaya kumi na nne kwa siku mbili, akazipeleka zahanati kifua mbele.

Nesi Elizabeti alimwamkia, akazipekua, akacheka. Halafu akaacha kucheka.

"Mama, hapa panauliza kama mtoto hunyoosha kidole kukuonyesha kitu. Hapana ni dalili ya usonji. Wote kumi na wanne umeandika hapana. Kijiji kizima?"

"Wana adabu," alijibu Costancia. "Maboga ndiyo kwanza yanatunga. Ukilinyooshea kidole boga changa, linaoza. Kila mama kaniambia wa kwake hanyooshi, na mjukuu wangu hanyooshi."

"Usiwaulize mama zao. Kaa uwatazame watoto wenyewe."

Aliondoka amenuna. Mambo gani haya, kumpeleleza mtoto wa mwenzio? Lakini alikaa, nyumba hadi nyumba, akajionea. Mama akigeuka tu, vidole juu: treni ile, kenge yule, boga lile pale! Na kila aliyenyoosha aligeuka kumwangalia mwenzake, ahakikishe naye ameona. Costancia alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Akafuta hapana kumi na tatu.

Ikabaki ya Monica, mjukuu anayemlea mwenyewe. Miaka miwili na nusu, hana kelele, hawakodolei macho wakubwa, hajawahi kulinyooshea kidole boga. Kijiji kizima kilikuwa kimechoka kusikia anavyosifiwa na bibi yake. Sasa bibi hakujua alikuwa akisifia nini. Kama ni adabu, mbona wale wengine walifundishwa hiyohiyo na bado wananyoosha? Na kama si adabu, yeye mwenye semina na fomu alikuwa akitazama wapi? Aliogopa.

Treni ya mizigo ikapita ikipiga honi. Monica alikuwa akipanga magunzi ya mahindi mstari mmoja, wala hakuinua kichwa.

Costancia alimbeba hadi shambani, akapiga magoti kwenye majani ya maboga. Alikishika kile kidole kidogo, akakielekeza kwenye boga changa, akakiachia. Mkono ukaanguka.

"Nyoosha, mama yangu," alimsihi, machozi yakimtoka. "Nionyeshe moja tu. Hata yakioza yote."