Muuza Maziwa Aliyebisha Hodi Njiani

Mimi ni fundi cherehani, na ulimi wangu una makali kuliko mkasi, mtaa mzima unajua. Lakini muuza maziwa wetu alinishinda.

Kila asubuhi mzee huyu alipita kwenye kijia kilicho mbele ya baraza yangu, madumu yamefungwa nyuma ya baiskeli. Wenzake hupiga kengele kana kwamba nyumba inaungua, watoto wakatawanyika, huyu kulia, huyu kushoto, mwingine akarudi alikotoka. Yeye akiona watu hupunguza mwendo, anaita "Hodi!" kama yuko mlangoni pa mtu, kisha anangoja apishwe. Nilimcheka nikamwambia, mzee mwenzangu, maziwa yatakuwa mtindi kabla hujawafikia wateja. Akanijibu kwamba mtindi nao una wanunuzi.

Kisha mjukuu wangu akagongwa. Kijana mmoja alikuja mbio na baiskeli, macho kwenye simu, akamvunja mguu mbele yangu. Mguu uliunga, moyo haukuunga. Shule iko mwisho wa kijia hichohicho, lakini mtoto akisikia tu mnyororo wa baiskeli, mbio chini ya meza yangu ya kukatia nguo. Nilimbembeleza. Nikamfokea, Mungu anisamehe. Nikamtania, kama bibi na mjukuu wake, eti mke mwenzangu gani mwoga hivi. Wapi! Muhula ukaanza bila yeye, na mwalimu akatuambia akizidi kukosa atarudia darasa.

Mzee alipopata habari, aliacha kabisa kupanda baiskeli mbele ya baraza yangu. Alishuka mbali, akabisha hodi kwa sauti ya chini. Mtoto akiwa mlangoni haitikii "Karibu", mzee aliikokota baiskeli mtaroni, kwenye tope, kijia akamwachia yeye. Siku nenda siku rudi. Wateja wanasubiri na sufuria mkononi, wananung'unika. Nilimwambia anajitesa bure.

"Mama, hajanikaribisha," akasema. "Nipiteje?"

Asubuhi moja baada ya mvua akateleza. Baiskeli ikamlalia mguuni, dumu moja likafunguka, maziwa yakamwagika yote. Kabla sijatoa kitambaa kwenye sindano, mtoto alikwisha kutoka, kavuka kijia, kashika usukani kwa mikono miwili.

"Pole, babu. Umeumia?"

Wakaiinua pamoja. Mzee alijipangusa magoti, hakumsifu wala hakumshangilia. Alimuuliza tu kama anaelekea shule. Mtoto akaitikia kwa kichwa. Nikamkimbizia mkoba, hata viatu sikuvaa.

"Nitembee mbele yako au nyuma?" mzee akamuuliza.

Mtoto akaitazama baiskeli, akakitazama kijia.

"Kaa hapa kando yangu, babu. Njia inatutosha."

Wakaondoka hivyo, polepole. Nikarudi kwenye cherehani, nikalia waziwazi mbele ya mteja.