Nyumba Yenye Mlango wa Buluu

Jumamosi niliungana na wageni waliokuwa wakitembezwa kwa miguu jijini Mwanza, waonyeshwe mahali palipopigwa filamu moja ya majini na wachawi. Tulipanda mawe juani hadi kwenye nyumba yenye mlango wa buluu.

“Hapa ndipo anapoishi mchawi!” kiongozi wetu akatangaza, na simu zote zikainuliwa.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka bibi mwenye nyumba, akifuta kwa pindo la kanga macho yaliyowiva kwa moshi wa kuni.

“Shikamoo, bibi,” kiongozi akamwamkia.

“Marahaba. Mjukuu wangu, waambie yule alikuwa mwigizaji, amekwisha kurudi kwao. Anayelala humu ni mimi. Majirani hawaniombi tena hata chumvi.”

Kiongozi akacheka. “Bibi nawe! Kila mtu anajua ni filamu.”

“Mbona wewe hukusema?”

Huku kwetu, macho mekundu ya bibi yamewahi kutosha kuwa ushahidi wa uchawi, na hukumu ikatolewa kwa panga. Kiongozi alilijua hilo. Akaacha kucheka, akaahidi kuchunga maneno yake.

Tukishuka, tulipishana na kundi jingine lililouliza kwa mchawi ni wapi. Kiongozi wetu alitimiza ahadi: hakusema neno. Alinyoosha kidole tu.