Kenge Mpole wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipopata kazi ya ofisini Mtumba na kuhamia kwangu Nkuhungu, alikuja na wazo la kufuga kenge. Alikuwa ameona kwenye simu Wazungu wamelala nao kwenye makochi. Nilimwambia kama ni lazima, aanze na kibali, kisha atafute kenge mdogo aliyeanguliwa kwa mfugaji, mchangamfu, anayekula mwenyewe. Asichukue aliyekamatwa porini.

"Sawa, dada," akasema.

Akaenda Kolo kwenye harusi ya rafiki yake. Jumapili alirudi na kiroba kinachonuka, akakitua sebuleni kwangu. Ndani alikuwamo kenge mrefu kama mkono wangu, mdomo umefungwa waya, miguu ya nyuma imepindwa na kufungiwa juu ya mgongo. Kucha zilikuwa zimekatwa hadi kwenye nyama.

"Muuzaji alikuwa nao watatu," alisema kwa furaha. "Wawili wakali, wanachapa mikia tu. Nikachagua huyu mpole."

"Huyu si mpole. Huyu anakufa. Wale wakali ndio waliokuwa wazima."

"Unakuza mambo. Ni kenge tu, dada. Watu wanawapiga mawe kila siku."

Nusura nimzabe kofi. Nilichukua koleo nikakata waya. Kenge hakufungua mdomo. Nilimfungua miguu, ikabaki ilivyopindwa. Nikamwekea maji, hakuyagusa. Mdogo wangu alisimama pembeni akimpiga picha.

Asubuhi nilipiga simu kwa watu wa wanyamapori. Alikuja askari mmoja, mama wa makamo, akampapasa yule mnyama nyonga. Kisha akauliza kibali kiko wapi.

"Hapa ni kwa dada," mdogo wangu akajibu haraka. "Mwulize yeye."

Hasira iliyonipanda siku ile sijawahi kuipata tena. Nilimweleza yule mama kila kitu, kuanzia Kolo, huku mdogo wangu akiangalia sakafu. Alipewa onyo kali, na kenge akachukuliwa. Baadaye niliambiwa amekufa.

Nilipomfikishia mdogo wangu habari hiyo, alikuwa anakula. Alimeza tonge, akasema, "Basi safari ijayo nitachukua mdogo, kama ulivyosema."

Nilimwambia atafute chumba kwingine. Mama yetu alinipigia simu kunisihi nimsamehe, damu yangu ile. Nilimwamkia, nikamsikiliza mpaka akamaliza, nikamwambia mizigo yake iko mlangoni.