Chai ya Rehema na Miguu Iliyogoma

Haya nawasimulia nimejifunika uso kwa leso, maana kuna watu hapa Jeddah mpaka leo wakiniona wanavuta vikombe vyao karibu, na siwalaumu.

Mimi mtu wa Likoni, nafanya kazi ya ndani mtaa wa Aziziya pamoja na Rehema, mpishi, mwanamke wa Tanga mwenye maneno machache (na mtu wa maneno machache mimi humwogopa, mtanisamehe). Asubuhi moja niliamka mikono haina nguvu, mswaki ukanianguka, kusimama magoti yakalegea. Nikasema nimelala vibaya. Kesho yake vilevile, na keshokutwa nikashuka ngazi kwa makalio kama mtoto, ndipo likaniingia wazo: huyu Rehema kila jioni ananipikia chai ya tangawizi, nani kamwomba, na mbona yeye mwenyewe hainywi?

Basi nikawa askari. Nikamchungulia akikoroga, nikanusa sufuria, akienda kuoga nikakagua makopo yake ya viungo, na lile lisilo na jina nikaona ndilo lenye sumu. Hata akiniuliza nimeamkaje, mimi nasikia anauliza dawa yake imefika wapi. Kumwambia madam niliogopa, huku ukionekana mgonjwa unarudishwa kwa wakala aliyekuleta. Nikaamua niwe naimwaga ile chai. Jioni hiyo nikapokea kikombe changu kwa tabasamu, lakini Rehema kasimama penye sinki, kanipa mgongo, haondoki, nikaona bora niirudishe kwenye chupa ya chai ya tangawizi iliyokuwa mezani.

Chupa ile ilikuwa ya wageni. Mamake madam alikuwa amekuja kutoka Riyadh na marafiki wa madam wamejaa sebuleni, nami nazungusha tende nikamwona mama huyo, bibi wa watu, anajimiminia, anainua kikombe. Nikaruka. Miguu ikagoma katikati ya zulia, nikaanguka juu ya meza, kikombe kikaruka, chai ikamwagikia abaya ya bibi, nami bado napiga ukelele, "Mafi ishrab, mama, sumu!" (Nilikusudia usinywe; na neno sumu, kwa bahati mbaya, Waarabu wanalo, wote wakaelewa.)

Madam akauliza nani katia. Nikamnyooshea Rehema kidole.

Rehema akajaza kikombe kutoka chupa ileile, akanywa chote mbele ya wageni, akakiweka chini, akaniambia kwa Kiswahili, "Mimi tangawizi inaniunguza kifua, ndiyo maana siinywi. Leo nimeinywa kwa ajili yako."

Nilitaka kusimama nikashindwa, wakanibeba hospitali. Daktari, Msudani mpole, baada ya kunipima damu akauliza natumia dawa gani, nikasema mafi, hakuna, akauliza tena, chochote, hata majani? Nikamnong'oneza, na madam kasimama pale pale: majani ya kupunguza mwili, niliyanunua mtaa wa Al-Baghdadiyah, nayanywa kila nikienda kulala ili nienee kwenye gauni la harusi ya mdogo wangu, asubuhi naharisha mpaka machozi. Akasema halas, basi, nisiyaguse tena, yamenimalizia madini ya potasiamu, na misuli bila hayo haina kazi. Nikatundikiwa dripu. Akanieleza udhaifu huo waweza kutoka kwa mengine pia, upungufu wa vitamini, sukari, tezi ya shingo, au kulalia mkono tu, ndiyo maana mtu anapimwa. Ila ukiwa upande mmoja, mdomo umepinda au ulimi mzito, usingoje kabisa, kimbia hospitali. Chai ya tangawizi hakuitaja.

Madam alikuwa ameshampigia wakala amrudishe Rehema. Nikamwomba aite mamake na wageni wale wale, nikajieleza mbele yao, majani, kuhara, gauni, yote. Rehema akabaki.

Nikamwomba msamaha jikoni. "Kukusamehe nimekusamehe," akasema, "lakini mamangu kapiga simu kutoka Tanga, ananiuliza nimemtilia nani sumu." Kumbe mfanyakazi wa mgeni mmoja alishaifikisha habari mpaka Tanga.

Nikampigia mama huyo mwenyewe, nikalia, nikaeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na miguu, mwanangu, inaendeleaje?"

Tangu hapo nimeapa, mwili ukinisumbua naenda kupimwa kwanza; kushuku watu kutafuata, kama nitabakiwa na nguvu.