Siku Wataalamu Walipokuja Kutazama Shida Zetu

Mto ulipofurika masika ile pale Mwera, ulitubebea shamba zima la mahindi, ukabomoa kiambaza cha jikoni, na pipa la mbegu tulizoziweka kwa ajili ya vuli tukalikuta limejaa tope. Mama alikuwa mjane, na mimi ndiye mwanawe pekee niliyebaki nyumbani. Bila mbegu hakuna vuli, na bila vuli tungekula kwa watu mwaka mzima.

Ikaja habari kutoka ofisi ya kijiji kwamba wataalamu wa mradi wa misaada watapita nyumba kwa nyumba, watazame nani kaathirika apewe mbegu. Jirani yetu hakuinua hata ufito mmoja ulioanguka wa nyumba yake. Si kwamba alikuwa mjanja, alikuwa mvivu tu. Jembe alilijua zaidi mikononi mwa mkewe, na mke mwenyewe alishachoka akarudi kwao. Mama yangu katika habari ile yote alisikia neno moja: wageni. Loo! Alikandika kiambaza siku mbili, akafagia uwanja, akafukiza udi kuondoa harufu ya tope, akaazima busati na sahani za maua, akachinjisha tetea wetu wa mwisho. Nilimwambia hawa wanakuja kutazama shida, si kula karamu. Akaniuliza adabu hiyo nimefundishwa na nani.

Wakashuka watatu kwenye shangingi, fulana mpya, vishikwambi mkononi. Waliketi busatini wakala wali wa nazi mpaka wakalamba vidole. Kisha binti mmoja, wa umri wa kuwa mjukuu wake, akamuuliza mama hali ya chakula nyumbani. Sasa mama, mbele ya mgeni aliyeshiba, aseme ana njaa?

"Alhamdulillahi," akasema, "hatujambo."

Akaulizwa nyumba, akaulizwa shamba, jibu lile lile. Binti akabonyeza, akabonyeza, akashukuru kwa kuku. Nilitamani kumpokonya kile kidude nikitumbukize kisimani.

Mbegu zilipokuja, jirani alipewa mifuko miwili. Mama hakuitwa. Kumbe jirani hakujua hata punje ngapi zinaingia shimo moja, basi akamwomba mama akampandie kwa ujira wa pishi ya unga. Mama akaenda, nami nikamfuata huku nimenuna. Tukapanda, tukapalilia, na shamba letu likaota magugu.

Mahindi yalipofika kiunoni, shangingi likarudi. Jirani akapigwa picha, eti mkulima wa mfano. Wakamuuliza aliacha nafasi gani kati ya shimo na shimo. Akakohoa, akamtazama mama. Mama, jembe mkononi, akawajibu hilo na mengine yote waliyouliza, nao wakaandika. Hapo uzalendo ukanishinda. Niliwaambia aliyelima ni huyu, na shambani kwake hana hata bua moja.

Yule binti akapekua kishikwambi chake, kisha akamtazama mama kwa huruma ya kweli.

"Lakini mama, hapa imeandikwa hukuathirika."

Mama akaegemea jembe. Nikajua sasa atasema, nami nikajisogeza karibu nimsaidie.

"Ni kweli, mwanangu," akasema. "Nilisema mwenyewe."

Akainama kuendelea kupalilia mahindi ya jirani.