Eda ya Tekber

Askari walipomchukua Daha nyumbani kwake katika mji wa jangwani wa Laayoune, mwaka 1987, chai ya kwanza kati ya tatu za desturi ilikuwa imeshanywewa na ya pili inachemka. Mkewe, Tekber, alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Tangu hapo, kila Jumatano alijitanda melhafa yake, akabeba picha ya mumewe, akasimama mbele ya lango la kambi ya askari kuuliza yuko wapi. Mwaka uliofuata wakamfunga miaka mitatu bila mahakama, kitambaa machoni. Alitoka na jicho moja bovu, na Jumatano ikamkuta palepale langoni. Hakuwahi kuokota hata kokoto. Vijana wa mtaani walipomcheka kwamba upole wake ni wa mbuzi wa kuchinjwa, aliwaambia jiwe moja tu lingewapa askari sababu wanayoitafuta.

Aliishi na mama mkwe wake, Mneina, na ugomvi wao ulikuwa mmoja. Bibi alimtaka akae eda, roho ya mwanawe itulie. Tekber alikataa katakata. Kumkalia eda mtu asiyejulikana alipo, alisema, ni kuwasaidia waliomchukua.

Baada ya miaka ishirini na tatu ikaja karatasi ya serikali: Daha alifariki 1988. Kuhusu kaburi, hakuna neno.

Mneina, ambaye sasa hakuweza kuinuka kitandani, alimshika mkono. "Wewe ni mkaidi kuliko ngamia jike, nakujua. Lakini mlilie mwanangu nikiwa bado nasikia."

Safari hii Tekber alishindwa. Akaenda kwa sheikh wa mtaa kuuliza aanze lini. Sheikh aliisoma karatasi mara mbili, akainamisha kichwa.

"Binti yangu, eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si siku ya kupata habari. Yako ilikwisha zamani. Ulikuwa kifungoni."

Wallahi, kuna wizi na wizi. Hawa walimwibia mume, wakamwibia na siku za kumlilia.

Aliporudi, bibi akamuuliza kama ameanza.

"Nimemaliza, mama."

"Mbona sikukusikia ukilia?"

Tekber akaketi chini kando ya kitanda, akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja. Jumatano akaenda langoni kuuliza kaburi liko wapi.